Longonot: kupanda ni mapafu, kushuka ni magoti (mwongozo wa ile njia ya changarawe)

Kila mtu akirudi Longonot anakuambia vile alipanda. Ati pumzi iliisha, ati moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya kanisa, ati alitaka kurudi akiwa nusu njia. Sawa, nimekubali, ni kali. Lakini mi nimeenda huo mlima mara sita sasa na watu wote niliowaona wakichechemea, wakishikiliwa mabega na marafiki, wakiwa na damu kwa viganja, walikuwa wanashuka. Hata mimi mwenyewe, mara ya pili, niliangukia kwenye kushuka, nilikuwa nimegeuka napigia rafiki yangu stori na mguu ukaenda zake bila mimi, nikatanguliza mkono nyuma na kifundo cha mkono kikavimba, wiki tatu nzima sikuweza kukamua nguo. Kwa hivyo huu mwongozo nimeuandika nikifikiria kushuka, na mambo mengine yote, viatu, saa ya kuanza, kiasi cha maji, yanafuata hapo.

Kwa wale hawajafika: Longonot ni volkeno iko Bonde la Ufa, katikati ya Mai Mahiu na Naivasha, mbuga ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) tangu 1983. Kilele kinaitwa Kilele Ngamia, mita 2,776. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Oloonong'ot, linahusu ile migongo mikali na makorongo unayoyaona kwa mteremko hata ukiwa barabarani. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, na ukiamua kuzunguka kreta yote unaongeza 7.2, ukirudi geti umemaliza kama 13 na nusu hivi. Ukisikia kilomita tatu unacheka, mi pia nilicheka.

Siku ya kwenda

Watu wanaangalia kalenda ya kazi peke yake, angalia na mvua. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, zile fupi Oktoba mpaka Desemba, na huo mlima ni majivu ya volkeno yaliyokauka na vijiwe vyepesi juu yake, maji yakipita yanachimba, ndo maana sehemu zingine njia ni mfereji unakufika magotini. Na kama ni mvua kubwa kabisa wacha hata hiyo barabara, Aprili 2024 mafuriko pale Mai Mahiu yalibeba nyumba na watu usiku, si jambo la kujaribu bahati.

Sasa Januari na Februari shida inageuka, ni vumbi. Vumbi laini kama unga wa ngano, unakanyaga na linaruka mpaka kiunoni. Na changarawe ikiwa kavu kabisa ndo inateleza zaidi. Siku nzuri kuliko zote, na hii hakuna mtu aliniambia, nilijionea, ni siku moja au mbili baada ya mvua ndogo, ile ya kulaza vumbi tu. Hapo chini panashika kama simiti mpya na unashuka ukiimba.

Kama unaweza, nenda siku ya wiki. Jumamosi kuna mabasi ya makampuni na makanisa na vyuo, watu mia wako kwa njia moja, na yule ako mbele yako anakulisha vumbi masaa mawili.

Viatu (usiruke hapa)

Si lazima ununue buti za bei mbaya. Ila geuza kiatu chako uangalie soli. Kama gripu imelambwa ikabaki laini pale chini ya kidole gumba na kisigino, hicho kiatu ni cha sokoni, kiache nyumbani. Raba nyeupe za mtaani zenye soli bapa usilete kabisa, hata kama picha zitatoka fiti. Mitumba ya Gikomba au Toi, masoko ya Nairobi, unapata buti za kupanda mlima zilizotumika kidogo kwa bei ya maana, lakini nunua angalau wiki mbili kabla na uzivae ukienda dukani, ukienda kazini, popote, kwa sababu kiatu kigeni kitakuchubua hata kabla ufike ukingoni.

Nunua kikubwa nusu saizi. Sababu ni kwamba ukishuka mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na vidole vinagonga kwa mbele, hatua baada ya hatua, ndo unaona mtu kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi wiki ifuatayo. Kata kucha siku mbili kabla. Na kamba za kiatu zifunge mara mbili: ukipanda legeza kidogo hapo juu ya kifundo ili mguu ukunjike vizuri, halafu kabla ya kushuka kaa chini, sukuma kisigino nyuma kabisa mpaka kiguse, ndio ukaze kamba kuanzia katikati mpaka juu. Dakika mbili. Watu hawafanyi hii kitu na ndo inaokoa kucha.

Soksi ziwe ndefu, zifike juu ya kifundo. Zile fupi zinakaribisha kokoto ndani ya kiatu. Kuna ujanja wa bei ya bure: chukua soksi kuukuu, kata sehemu ya vidole, ivae juu ya mdomo wa kiatu iwe kama mfuniko. Unakaa kama mtu amechanganyikiwa lakini kokoto haiingii.

Kitu cha kubeba

Maji lita tatu kila mtu kama unazunguka kreta, lita moja na nusu kama unaishia ukingoni. Hakuna bomba huko juu, hakuna kioski, hakuna mto. Weka kwenye chupa ya kutumia tena, sio ile ya plastiki ya supermaketi, maana tangu Juni 2020 chupa za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwa mbuga zote na utaachishwa getini.

Chakula beba kitu chenye chumvi na kitu chenye sukari. Njugu karanga, mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwa karatasi, ndizi, mandazi ya jana. Mi hubeba viazi vitamu vya kuchemsha, havivunjiki kwa bagi na vinashibisha. Usibebe chapo na mchuzi, nimeona mtu bagi imemwagikia mchuzi mgongoni ikakaukia hapo na jua.

Halafu leso au kitambaa cha kufunga pua, kofia, mafuta ya jua, jaketi jepesi kwa sababu ukingoni upepo hauchezi, plasta chache, na glavu. Ndio, glavu, hata zile za kazi za mjengo zenye mpira kwa kiganja. Changarawe ya Longonot ni kama sandipepa na ukianguka mkono ndo unatangulia.

Fimbo moja nzuri ni bora kuliko hizo mbili za kukunja usizojua kutumia. Iwe inafika karibu na kifua, kwa sababu ya kushuka unahitaji ndefu.

Kufika

Mat (matatu) za kutoka Nairobi kwenda Naivasha nyingi zinapita barabara ya juu, ya Limuru, kwa hivyo kabla hujalipa muulize makanga kama anapitia njia ya chini, ya Mai Mahiu. La sivyo panda ya Mai Mahiu au Narok, ushuke Mai Mahiu, ubadilishe hapo upate ya kwenda Naivasha, wakuangushe Longonot halafu boda ikufikishe getini. Mwambie boda mapema saa ngapi akurudie na umchukue namba. Ukishuka kwa eskapmenti angalia lile kanisa dogo la mawe kando ya barabara, lilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano 1942, dogo kabisa, wengi wanapita wakilala.

Geti inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. KWS hawashiki pesa mkononi, unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, kwa hivyo lipa ukiwa bado nyumbani na intaneti nzuri, hapo pia ndo utaona bei ya sasa, usiamini bei ya rafiki yako wa mwaka juzi. Beba kitambulisho, bila hicho unaeza jikuta unaongea sana kuonyesha wewe ni Mkenya.

Lenga kuanza kutembea saa moja asubuhi, saa mbili ikizidi sana. Ukianza saa nne utapandia jua la utosi, halafu utashuka miguu ikiwa imeisha.

Geti mpaka ukingoni

Mwanzo ni tambarare, unapita vichaka vya leleshwa na migunga, na kama mko kimya mnaweza kuona pundamilia na twiga wakiwaangalia tu. Nyati pia wako. Usitoke njiani kwenda kupiga picha, na ukisikia kitu kizito kinavunja vijiti kichakani rudi nyuma taratibu, hii haina ujanja.

Hapa tambarare ndo watu wanajimaliza. Wametoka kwa gari, wana nguvu, muziki uko juu, wanakimbia. Tembea pole pole hadi uaibike. Kipimo changu ni hiki: kama siwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, naenda mbio sana.

Mteremko ukianza kuwa mkali, kumbuka mambo haya. Hatua fupi, fupi kuliko vile unadhani. Kanyaga na mguu mzima, kisigino na vidole pamoja, kwa sababu ukipanda na vidole tu mashavu ya miguu yanaungua na gripu unatumia nusu. Pale panateleza usiende moja kwa moja, kata pembe, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama ng'ombe wanavyopanda kilima, umeshawahi kuona ng'ombe akipanda wima? Na kanyaga pale kuna kitu kimeshikilia, jiwe lililozama kwenye udongo, mzizi, nyasi za kando. Katikati ya njia pale pamelainika na kung'aa ndo pabaya, pamekanyagwa na elfu ya viatu na kokoto zote zimekusanyika hapo. Kuna sehemu wameweka ngazi, zitumie, usijifanye shujaa kwa kupita kando na kupanua mmomonyoko.

Kila dakika ishirini simama, kunywa maji kidogo, geuka uangalie ulikotoka. Kugeuka si kwa ajili ya picha peke yake. Unaangalia njia vile inakaa ukishuka, kwa sababu ni hiyo hiyo utarudi nayo, weka alama kichwani: hapo kwa ule mti kuna kokoto nyingi, hapo kwa kona kuna mfereji.

Mtu wa kawaida anafika ukingoni kwa saa moja hadi moja na nusu. Ukitumia mbili pia ni sawa, kreta haiendi mahali.

Kuzunguka au kurudi

Ukifika juu unaona shimo, na ndani yake ni msitu, miti imejaa huko chini kama mtu aliipanda kwa sufuria, na saa zingine mvuke unatoka kwa kuta. Upande wa pili Ziwa Naivasha na mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua yakimetameta, kusini mlima Suswa. Kaa hapo. Kula.

Halafu jiulize maswali matatu bila uongo. Ni saa ngapi? Kama imepita saa tano na bado hujaanza kuzunguka, wacha. Maji yamebaki kiasi gani? Chini ya lita moja na nusu, wacha. Na miguu: simama kwa mguu mmoja, piga goti kidogo, uinuke mara tano. Kama paja linatetemeka, hilo paja ndo breki yako ya kushuka, na breki ikishaisha juu ya mlima utashuka na nini? Kuna mtu tulienda naye alikataa kukubali, akazunguka yote kwa kiburi, tulimshusha kilomita tatu tukimshika mkono kama bibi harusi.

Wale wanaozunguka, jipeni masaa mawili na nusu mpaka matatu. Sehemu kali ni ya kukaribia Kilele Ngamia, hapo utatumia mikono kidogo, na njia kwingine ni nyembamba, shimo upande huu, mteremko upande ule. Hakuna selfi za kutembea kinyumenyume. Muulize askari getini asubuhi upande gani uko sawa kuanzia siku hiyo, wao ndo wanajua wapi pamemomonyoka. Na ukiona mawingu meusi yanakuja na ngurumo, toka ukingoni ushuke mara moja, pale juu wewe ndo mti mrefu.

Sigara, usiwashe. Machi 2009 moto ulichoma huo mlima mpaka ndani ya kreta, nyasi za huko kiangazi zinangoja cheche moja tu.

Kushuka, sasa

Kaza kamba kama nilivyosema. Vaa glavu. Simu iingie mfukoni na zipu ifungwe. Stori ziishe hadi tambarare.

Changarawe iko ya aina mbili na kila moja ina mtindo wake, hapa ndo watu wanachanganya. Aina ya kwanza ni nzito na laini, mguu unazama mpaka kamba za kiatu. Hiyo ni rafiki. Tanguliza kisigino, kichome ndani, acha uzito ukushushe, unateleza sentimita chache na unasimama wenyewe, ni kama kushuka kwenye rundo la mchanga wa mjengo ukiwa mtoto. Aina ya pili ni kokoto chache zimetawanyika juu ya udongo mgumu. Hiyo ni kama mtu amemwaga mahindi makavu kwa sakafu ya simiti. Hapo ukitanguliza kisigino umekwisha. Weka mguu wote bapa, hatua fupi kabisa, magoti yamekunjwa kidogo kila wakati, na usikae na mguu mmoja hewani muda mrefu.

Kosa la wengi ni kuegemea nyuma. Ni woga, mwili unakuambia ukilala nyuma uko karibu na ardhi, uko salama. Kumbe ukiegemea nyuma uzito unasukuma kisigino kwenda mbele na kokoto zinabiringika chini yake, ndo unakaa chini pap. Mi nilifundishwa na mzee mmoja hapo hapo njiani, baada ya ile siku ya mkono, alikuwa anashuka na ndala za tairi kama mtu anaenda kununua maziwa. Akanipita, akasimama, akaniangalia, akasema, "Kijana, wacha kulala nyuma. Simama juu ya miguu yako." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naogopa kuanguka." Akasema, "Ndio maana unaanguka," akaenda zake. Nikajaribu, pua iwe juu ya vidole vya miguu, tumbo limekaza, na manze kokoto zikashika, kwa sababu sasa uzito unazibana kwenye udongo badala ya kuzisukuma.

Fimbo itangulie, mbele yako upande wa chini, si nyuma. Ichomeke kwanza, ijaribu, ndio uhamishe mguu. Palipo pakali sana geuka ubavu, shuka kama kaa, mguu wa chini kwanza halafu wa juu unaufuata, miguu isipishane.

Acheni nafasi. Mita tano hivi kati ya mtu na mtu, na msiwe mstari mmoja wima, kwa sababu jiwe likitoka kwa wa juu linamfikia wa chini kwa kifundo. Likitoka, piga kelele "JIWE!" hata kama ni dogo, na ukisikia hivyo angalia juu kwanza kabla ya kuruka. Wanaopanda wapishe, wao ndo wana kazi, na kusimama kidogo kunakupumzisha magoti.

Pumzika kila dakika kumi na tano hata kama huchoki. Nilivyoona mimi, kuanguka kwingi ni ile nusu saa ya mwisho, geti unaiona, akili imeshafika kwa soda baridi, miguu bado iko mlimani.

Ukianguka

Ukisikia mguu umeenda, usipigane nao. Kunja magoti, kaa upande, acha paja na matako vipokee. Mkono usiutupe nyuma. Ukishatulia usiinuke haraka, kaa, hesabu viungo. Mchubuko osha na maji uliyobeba mpaka vumbi litoke, funika. Kama kifundo cha mguu kimepinda na unaweza kukikanyagia, usivue kiatu, kaza kamba, kiatu ndo bandeji yako mpaka chini, ukivua kitavimba na hakitarudi ndani. Kama huwezi kukanyaga kabisa, mtu mmoja abaki na wewe, wengine wawili waende kwa askari wa geti, na ndo maana nasema msiende chini ya watu wanne na mhifadhi namba ya geti asubuhi mkiingia.

Getini, kabla boda afike, vua viatu uvikung'ute hapo kando, soksi pia, na ubadilishe ndala. Usingoje uingie kwa mat. Nilifanya hivyo mara moja, nikavua kiatu kwa kiti cha nyuma na robo kilo ya Longonot ikamwagika kwa miguu ya mama aliyekuwa amebeba kabeji za Naivasha, hakusema kitu mpaka Nairobi, alikuwa ananiangalia tu.